Kufuli Juu ya Wimbo Ulionunuliwa: Historia ya Vizuizi vya Kunakili Muziki Nchini Tanzania kwa Mtazamo wa Mkoa wa Singida

IKISIRI

Insha hii inachunguza historia ya vizuizi vilivyowekwa ili kuzuia kunakiliwa kwa muziki uliouzwa kihalali nchini Tanzania, kuanzia zama za kanda hadi zama za simu ya mkononi. Uchunguzi unafanywa kwa mtazamo wa Mkoa wa Singida, eneo la bara ambalo kwa miaka mingi lilipata muziki kwa njia ya nakala kuliko kwa njia ya maduka rasmi. Insha inabainisha vipindi vitatu: kipindi cha muhuri uliobandikwa juu ya bidhaa, kipindi cha kufuli lililotiwa ndani ya faili, na kipindi cha wimbo unaokodishwa bila kumfikia mnunuzi. Hoja kuu ni kwamba katika kila hatua mzigo wa kulinda kazi ya msanii ulihamishwa kidogo kidogo hadi ukamwangukia mnunuzi mwaminifu, ilhali mapato ya msanii hayakupata ulinzi unaolingana na mzigo huo. Insha inahitimisha kwa kuonesha athari za mwenendo huu kwa hifadhi ya kumbukumbu za muziki wa mikoani.

1.0 Utangulizi

Mtu anaponunua jembe katika soko la Singida mjini, jembe hilo huwa lake. Anaweza kulitia mpini mwingine, kumwazima jirani, au kumwachia mwanawe. Kwa muda mrefu mnunuzi wa muziki naye alikuwa na uhuru unaokaribia huo. Kanda aliyoinunua ilichezwa katika redio kaseti yoyote, iliazimwa, ilirithiwa, na ilipokatika iliungwa kwa gundi ya karatasi. Katika miongo miwili iliyopita hali hiyo imebadilika. Wimbo unaolipiwa kwa simu mara nyingi hufunguka katika chombo kimoja tu, au ndani ya programu moja tu, au kwa muda ambao mnunuzi anaendelea kulipa.

Chanzo cha insha hii ni tukio dogo. Mwandishi alilipia kwa fedha za simu nyimbo kadhaa za kwaya kupitia programu moja ya muziki, akazihifadhi katika simu yake. Simu ilipoharibika aliipeleka kwa fundi karibu na stendi ya mabasi ya Singida. Fundi aliokoa picha na majina ya watu. Nyimbo nazo zilionekana katika kompyuta yake, lakini hazikufunguka. Yalikuwa mafaili yenye ukubwa kamili yasiyotoa sauti. Hatua chache kutoka hapo, kijana mwenye kompyuta na spika alikuwa akiwajazia wateja memori kadi kwa bei ndogo, na miongoni mwa nyimbo alizokuwa nazo zilikuwamo zile zile za kwaya. Nakala zake zilicheza katika kila chombo. Aliyelipa kihalali alibaki mikono mitupu, na aliyepata nakala isiyo halali hakupungukiwa na kitu.

Swali la insha linatokana na tukio hilo: ulinzi wa kunakili umekuwa ukimlinda nani, dhidi ya nani? Ili kulijibu, insha inatumia sheria na kanuni za nchi, shauri la mahakamani linalojulikana kwa umma, historia ya biashara ya muziki ndani na nje ya nchi, na ushuhuda wa mwandishi kuhusu maisha ya kawaida ya mkoa. Insha haikusudii kutetea uharamia wa kazi za sanaa. Inakusudia kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani haki ya msanii kulipwa na uwezo wa muuzaji kuendelea kutawala kitu alichokwisha kukiuza.

2.0 Singida na Muziki wa Nakala

Mkoa wa Singida uliundwa mwaka 1963 kutokana na lililokuwa Jimbo la Kati. Wenyeji wake ni pamoja na Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu. Wagogo wapo upande wa Manyoni, na Wahadzabe wapo upande wa Mkalama. Kwa mujibu wa sensa, mkoa ulikuwa na watu 1,370,637 mwaka 2012 na watu 2,008,058 mwaka 2022. Uchumi wake umetegemea kilimo cha alizeti, mtama, uwele na vitunguu, pamoja na ufugaji na asali. Fedha huonekana zaidi baada ya mavuno, na biashara nyingi hufanyika katika minada inayozunguka vijijini. Hali hizi mbili, umbali kutoka Dar es Salaam na fedha zinazokuja kwa msimu, ndizo zilizoamua jinsi muziki ulivyofika.

Baada ya uhuru, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi sehemu kubwa ya bendi, kwaya na ngoma za nchi. Rekodi hizo zilikuwa kwa ajili ya matangazo, si kwa ajili ya kuuzwa. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilichapwa Nairobi, na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983. Katika mazingira hayo, msikilizaji wa Iramba au Manyoni aliyeupenda wimbo hakuwa na duka la kuununua. Alichokuwa nacho ni redio, na baadaye redio kaseti. Aliweka kanda tupu, akasubiri kipindi cha salamu, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Kanda ilipoenea katika miaka ya 1980, kunakili hakukuwa tabia ya pembeni mwa soko la muziki. Kwa mikoa ya bara kulikuwa ndiyo soko lenyewe. Maduka ya kurekodi yalimtolea mteja kanda yenye mchanganyiko aliouchagua. Abiria wa gari moshi na wa mabasi walibeba kanda kutoka Dar es Salaam na Dodoma, nazo zilizaa nakala katika kila kituo. Msanii hakupata chochote kutokana na nakala hizo, na huo ulikuwa udhalimu wa kweli. Hata hivyo, ni nakala hizo zilizoufanya muziki wa Dar es Salaam kuwa muziki wa taifa.

Kanda ilikuwa na kizuizi chake cha asili. Kila nakala iliyotokana na nakala ilipoteza sehemu ya ubora: sauti za juu zilififia na mkwaruzo uliongezeka. Baada ya vizazi vichache vya nakala, msikilizaji alitamani ile ya kwanza. Kwa hiyo nakala halisi iliendelea kuwa na thamani bila ya kufungwa. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, kwa sababu makufuli yaliyofuata yalitokana na hofu ya kupotea kwa kizuizi hicho.

3.0 Kipindi cha Muhuri

Kwa miongo mitatu ya mwanzo nchi ilitumia Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966, iliyotungwa kabla ya kanda kuenea. Utangazaji ulipofunguliwa kwa sekta binafsi kwa sheria ya mwaka 1993, na muziki wa kizazi kipya ulipoanza kuleta fedha, udhaifu wa sheria hiyo ulidhihirika. Wasambazaji wa Dar es Salaam walizoea kumlipa msanii kwa mkupuo mmoja, na idadi ya kanda zilizozalishwa ilibaki kuwa siri ya msambazaji. Msanii alipolalamika kwamba nyimbo zake zimejaa mitaani, hakuwa na njia ya kujua ni nakala ngapi zilitoka kwa maharamia na ngapi zilitoka kwa mshirika wake wa kibiashara.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, Sura ya 218, ilikuja kujibu hali hiyo. Ndiyo iliyoweka msingi wa Chama cha Hakimiliki Tanzania, kinachojulikana kama COSOTA, ambacho baadaye kilibadilishwa kuwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Mwaka 2006 kanuni za uzalishaji na usambazaji wa rekodi za sauti na picha zilileta hakigramu, yaani kibandiko maalumu cha kuthibitisha kwamba nakala ni halali. Mwaka 2013 serikali iliongeza stempu za kodi kwa bidhaa za muziki na filamu, zilizosimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania.

Vibandiko hivi vilikuwa aina ya ulinzi, lakini vilikaa juu ya kasha, si ndani ya wimbo. Vilimtaka mzalishaji ajisajili na aoneshe idadi ya nakala zake. Vilimtaka mwenye duka auze bidhaa yenye alama. Kwa mnunuzi havikubadilisha kitu: CD yenye hakigramu ilicheza sawasawa na isiyo nayo, na mwenye CD aliendelea kuwa mmiliki wake kamili. Udhaifu wa mfumo huo ulikuwa katika utekelezaji. Mkaguzi angeweza kupita katika maduka ya mjini, lakini hakuweza kufika katika kila mnada wa Ikungi au Mkalama. Isitoshe, wakati stempu zinaanza kutumika, wasikilizaji wengi walikwisha kuhama kutoka CD kwenda memori kadi na flashi, vitu visivyo na kasha la kubandikwa alama. Muhuri ulifika wakati mlango wenyewe ulikuwa umehamishwa.

4.0 Asili ya Kufuli Ndani ya Faili

Ili kuelewa hatua iliyofuata, ni lazima kutoka nje ya Singida kwa muda, kwa kuwa kufuli la kidijitali halikubuniwa Tanzania. Lilikuja likiwa tayari limo ndani ya simu na programu, na watu waliolibuni walikuwa wakijibu matatizo ya masoko yao.

Muziki wa kidijitali uliondoa kizuizi cha asili kilichoelezwa hapo juu. Nakala ya mia moja ilisikika sawa na ya kwanza. Mwaka 1992 sheria ya Marekani ilizilazimisha mashine za nyumbani za kurekodia kidijitali ziwe na utaratibu wa kuzuia nakala ya nakala. Mwaka 1996 mikataba miwili ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani ilizitaka nchi wanachama kuyapa makufuli ya aina hiyo ulinzi wa kisheria, na mwaka 1998 Marekani ilitunga sheria ya kuitekeleza. Mwaka uliofuata mtandao wa Napster ulianza, na kampuni za muziki zikazidi kuamini kwamba bila kufuli hazitaishi.

Duka la iTunes la kampuni ya Apple lilifunguliwa Aprili 2003 likiuza nyimbo zilizofungwa kwa mfumo uliojulikana kama FairPlay. Wimbo ulifunguka katika idadi ndogo ya kompyuta zilizosajiliwa na katika vichezeo vya kampuni hiyo hiyo. Wengine walijaribu kuzifunga hata CD. Mwaka 2005 iligundulika kwamba CD kadhaa za Sony BMG zilikuwa zikiingiza kwa siri katika kompyuta ya mnunuzi programu iliyojificha ndani kabisa ya mfumo na kudhoofisha usalama wake. Mnunuzi wa CD halali alikuwa ameleta hatari nyumbani mwake. Aliyepakua nakala ya uharamia hakuguswa. Baada ya malalamiko makubwa, kampuni ilizirudisha CD hizo kutoka madukani.

Funzo la pili lilitoka kwa maduka yaliyofungwa. Mwaka 2008 Microsoft ilitangaza kwamba duka lake la MSN Music halitatoa tena funguo za nyimbo lilizokwisha kuziuza, kisha ikalazimika kuahirisha hatua hiyo baada ya wanunuzi kulalamika. Mwaka huo huo duka la muziki la Yahoo nalo lilifungwa. Mnunuzi aliyebadilisha kompyuta baada ya hapo hakuwa na mlango wa kubisha hodi. Kwa sababu hizi na nyingine za ushindani wa biashara, kampuni zenyewe zilianza kurudi nyuma. EMI ilikubali kuuza nyimbo zisizofungwa mwaka 2007, na Januari 2009 Apple ilitangaza kuondoa kufuli katika nyimbo za duka lake.

Kwa hiyo mwaka 2009 mwandishi wa historia ya Ulaya au Marekani angeweza kuandika kwamba suala hili limekwisha. Kwa Tanzania ndiyo kwanza lilikuwa linaanza, tena kupitia chombo tofauti na kompyuta.

5.0 Kufuli Lafika Simuni

Mkazi wa kawaida wa Singida hakukutana na kufuli katika duka la iTunes. Alikutana nalo katika mlio wa simu. Katikati ya miaka ya 2000 simu nyingi zilizouzwa nchini zilikuwa na utaratibu wa kimataifa wa kuzuia kusambaza faili. Mlio ulionunuliwa kwa ujumbe mfupi ulifika ukiwa ndani ya bahasha ya kielektroniki iliyoiamuru simu isiutume kwingine. Mwenye simu aliweza kuusikiliza na kuufuta, lakini alipojaribu kumrushia mwenzake kwa bluetooth, simu ilikataa.

Wakati huo huo wimbo wa kawaida wa muundo wa MP3 uliruka kutoka simu hadi simu bila kizuizi. Kijana wa sekondari alijifunza haraka kwamba kilicholipiwa ndicho kinachokataa kutoka, na kisicholipiwa ndicho kinachotii. Somo hilo halikukusudiwa na yeyote, lakini lilifundishwa kila siku. Vibanda vya kujaza nyimbo vilistawi juu yake. Havikushinda kwa bei peke yake. Vilishinda kwa sababu bidhaa yao ilikuwa bora zaidi kwa mtumiaji. Memori kadi ilitolewa katika simu iliyokufa na kutiwa katika simu nyingine, au katika redio ndogo ya mchina iliyochezwa shambani wakati wa kupalilia alizeti.

Mtandao wa kasi ulipoanza kufika baada ya nyaya za baharini kutua Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009, ziliibuka huduma za kuuza na kusambaza muziki zilizolilenga soko la Afrika. Huduma hizi zilichukua njia mbili. Baadhi, kama Mdundo iliyoanzia Nairobi na Mkito iliyoanzia Dar es Salaam, zilitoa mafaili ya kawaida na kutegemea matangazo kuwa chanzo kimojawapo cha mapato. Nyingine zilichagua kufuli. Programu ya Boomplay, iliyoanza mwaka 2015 na kuwekwa katika simu za Tecno tangu kiwandani, ilimruhusu mtumiaji kupakua wimbo na kuusikiliza bila intaneti, lakini wimbo huo ulichezwa ndani ya programu hiyo pekee. Apple Music ilipofunguliwa nchini mwaka 2020 na Spotify mwaka 2021, utaratibu ulikuwa huo huo: nyimbo zilizohifadhiwa kwa usajili hunyamaza usajili unapokoma.

Kanuni hizi zilibuniwa kwa mtu mwenye simu inayodumu, laini isiyobadilika, na malipo yanayokatwa kila mwezi. Maisha ya Singida hayako hivyo. Fedha huja kwa msimu, simu hubadilishwa mara kwa mara, na laini hupotea. Matukio mawili ya kitaifa yanaonesha udhaifu huo. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia, zikakosa huduma ya mitandao ya simu. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Hatua zote mbili zilikuwa na malengo yake, na hazikuhusu muziki. Lakini kwa yule ambaye muziki wake ulifungwa katika chombo au katika namba, kupoteza simu au laini kulimaanisha kuhatarisha na kile alichokilipia. Mwenye memori kadi ya kibandani aliitoa tu, akaihamisha.

6.0 Mwito wa Simu: Kufuli Lililokamilika

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mwito wa simu, yaani wimbo unaosikiwa na anayepiga wakati akisubiri kupokelewa. Huduma hii ilienea sana nchini katika muongo wa 2010. Kwa mtazamo wa ulinzi wa kunakili, mwito wa simu ni kitu cha ajabu. Anayelipa hausikii; wanaousikia ni wengine. Wimbo haufiki kabisa katika simu yake, bali hukaa katika mitambo ya kampuni. Hawezi kuunakili, kuuazima wala kuuhifadhi, na asipolipa hutoweka. Hapa kufuli limekamilika, kwa kuwa hakuna faili la kulivunjia.

Kama hoja ya watetezi wa makufuli ni sahihi, kwamba msanii hukosa haki yake kwa sababu wanunuzi hunakili, basi katika mwito wa simu msanii alipaswa kupata haki yake yote. Kila wimbo uliohesabiwa ulihesabiwa na mashine. Kila shilingi ilipita katika mfumo wa kampuni. Hakuna kibanda cha mnadani kilichoweza kuingilia.

Historia inaonesha vinginevyo. Mwaka 2012 wasanii Hamis Mwinjuma, anayejulikana kama Mwana FA, na Ambwene Yesaya, anayejulikana kama AY, waliishtaki kampuni ya simu iliyotumia jina la kibiashara la Tigo, wakidai kwamba nyimbo zao mbili, "Dakika Moja" na "Usije Mjini", zilitumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamua kwamba walipwe shilingi bilioni 2.16. Kampuni ilikata rufaa, na shauri likaendelea katika ngazi za juu.

Kwa insha hii umuhimu wa shauri hilo hauko katika kiasi cha fedha, bali katika mahali mgogoro ulipotokea. Haukutokea kati ya wasanii na wasikilizaji wao. Ulitokea kati ya wasanii na upande wa usambazaji, ndani ya mfumo ambao msikilizaji hakuwa na uwezo wowote wa kunakili. Shauri linakumbusha malalamiko ya zama za kanda, pale msanii alipokosa kujua idadi ya nakala alizotoa msambazaji. Kufuli lilikuwa limebadilisha kila kitu kwa mnunuzi, lakini halikugusa tatizo la zamani la msanii, ambalo ni ridhaa na hesabu.

7.0 Utata wa Sheria

Sheria ya mwaka 1999 ina masharti mawili ambayo kila moja lina mantiki, lakini yakisomwa pamoja yanamwacha mnunuzi katikati. Kwa upande mmoja, inatambua kwamba mtu anaweza kutumia kazi iliyokwisha kuchapishwa kihalali, hata kwa kuinakili, kwa ajili ya matumizi yake binafsi. Kwa upande mwingine, inaweka katazo dhidi ya kutengeneza au kuingiza nchini, kwa ajili ya biashara, vifaa vilivyobuniwa mahususi kukwepa kinga ya kunakili.

Matokeo yake ni haki isiyo na chombo. Mkazi wa Kiomboi aliyelipia wimbo anaruhusiwa kujitengenezea nakala ya kuhamishia katika simu mpya, lakini wimbo umefungwa, na fundi wa stendi anayeweza kumsaidia angehitaji kifaa ambacho biashara yake imekatazwa. Sharti la kwanza liliandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye redio kaseti, na la pili kwa kumfikiria mwenye kiwanda cha uharamia. Hakuna lililomfikiria mnunuzi wa faili.

Hatua ya karibuni inaelekea njia nyingine. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliingiza tozo ya hakimiliki kwa vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Msingi wa tozo ya aina hii, ambayo katika nchi kadhaa za Ulaya ina historia ndefu, ni kukubali kwamba watu watanakili, na kumtafutia msanii malipo kutokana na ukweli huo. Kwa mnunuzi wa Singida swali linalofuata ni la haki: ikiwa analipa tozo anaponunua memori kadi kwa sababu inadhaniwa atanakili, kwa nini wimbo alioulipia ukatae kuingia katika kadi hiyo?

8.0 Athari kwa Kumbukumbu za Mkoa

Hadi hapa mnunuzi amejadiliwa kama mtumiaji. Lakini katika mkoa kama Singida mnunuzi ni mhifadhi pia, ingawa hajui. Kwaya za KKKT Dayosisi ya Kati na za Jimbo Katoliki la Singida, vikundi vya ngoma, na waimbaji wanaotumia Kinyaturu au Kinyiramba hurekodi kazi zao kwa idadi ndogo, mara nyingi katika studio za muda mfupi. Studio ikifungwa na kompyuta yake ikiuzwa, nakala zinazobaki ni zile zilizoko majumbani. Mtafiti anayetaka kusikia kwaya ya kijiji ilivyoimba miaka ishirini iliyopita huanza kwa kuuliza nani bado ana kanda.

Utaratibu huo usio rasmi uliwezekana kwa sababu kanda na CD hazikuuliza zinachezwa na nani. Wimbo uliotolewa ndani ya programu peke yake hauna njia hiyo. Kampuni ikifunga huduma, kama maduka ya Marekani yalivyofanya mwaka 2008, nakala elfu moja zilizoko katika simu elfu moja hunyamaza siku moja. Nyimbo za wasanii wakubwa wa Dar es Salaam zitanusurika, kwa kuwa zina wenyewe na zina redio. Zitakazopotea ni za lugha ndogo na za kwaya za pembezoni, ambazo kuwapo kwake kulitegemea wingi wa nakala.

Ni kweli kwamba kibanda cha kujaza nyimbo hakiwezi kuitwa hifadhi. Hakiandiki jina la mtunzi, hakitunzi mwaka, na hakimlipi mtu. Hata hivyo, ni jambo la kusikitisha kwa mwanahistoria kukiri kwamba baada ya miaka hamsini uwezekano wa kuusikia wimbo fulani wa Singida unaweza kuwa mkubwa zaidi kupitia memori kadi ya mnadani kuliko kupitia nakala iliyolipiwa kihalali.

9.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba ulinzi wa kunakili nchini Tanzania ulipita katika hatua tatu. Muhuri ulimdai mzalishaji na mwenye duka, ukamwacha mnunuzi na mali yake. Kufuli la ndani ya faili lilimnyang'anya mnunuzi sehemu ya umiliki, huku nakala zisizo halali zikiendelea kucheza bila tabu. Wimbo wa kukodi ulimwondolea umiliki wote, lakini hata hapo wasanii walilazimika kwenda mahakamani kudai haki yao. Hivyo basi, kuongezeka kwa makufuli hakukwenda sambamba na kuongezeka kwa haki ya msanii, kwa sababu kufuli lilielekezwa kwa msikilizaji wakati tatizo kubwa lilikuwa katika ridhaa na hesabu za wasambazaji.

Kutokana na matokeo hayo, mambo matatu yanastahili kufikiriwa na watunga sera. Kwanza, sheria itamke wazi kwamba aliyelipia wimbo kwa kuununua, si kwa kuukodi, anaweza kuuhamishia katika chombo chake kingine, na anaweza kusaidiwa na fundi kufanya hivyo. Pili, anayeuza atakiwe kumwambia mteja kabla ya malipo kama ananunua au anakodi. Tatu, nakala isiyofungwa ya kila rekodi inayosajiliwa itunzwe katika hifadhi ya umma, ili kufungwa kwa kampuni kusiwe kufutwa kwa kumbukumbu.

Nyimbo za kwaya zilizokuwa chanzo cha insha hii zilipatikana baadaye. Mwanakwaya mmoja wa zamani alikuwa bado ana CD yake ndani ya kasha lililovunjika, na kompyuta ya fundi yule yule wa stendi iliisoma bila kuuliza chochote.